Sura ya Mwanamke wa Sabuni

Mtaa wa maduka ya zamani ulikufa siku nyingi, ila hakuna aliyekuwa na adabu ya kuuzika. Wateja walihamia barabara kuu, wakabaki popo, na Mama Cherehani, fundi nguo aliyegoma kuondoka kwa sababu hakutaka kumpa raha msusi wa ng'ambo ya barabara. Ndipo ikaja kamati. Walivaa kofia za plastiki kana kwamba historia ingewadondokea kichwani, wakatangaza kuwa majengo yatarudishiwa sura yake ya kale, wasanii watapewa vyumba, na mtaa utafufuka.

Mama Cherehani aliwapenda mpaka walipokwangua ukuta wake. Chini ya chokaa akachomoza mwanamke mwenye beseni la povu, tangazo la sabuni alilolichora marehemu mumewe kabla hawajaoana. Yule bwana hakujua kuchora sura ya kubuni. Ilikuwa lazima mtu akae mbele yake. Na aliyekaa, mtaa mzima ulijua, ni msusi. Harusi ilipokaribia, bibi harusi alimkabidhi bwana ndoo ya chokaa na kumwambia achague. Akachagua, maskini, akapaka huku kanuna.

Sasa kidudumtu kimerudi, beseni na kiuno vizima. Uso tu ndio uliobanduka pamoja na plasta.

Binti mchoraji wa kamati akaja kuuliza kwa heshima zote, nani anaikumbuka ile sura, maana wanataka ya asili. Msusi angeweza kujibu, lakini mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho, anasuka kwa vidole tu, na hakuna aliyemwambia kitu.

"Ni mimi yule," akasema Mama Cherehani, bila hata kupepesa macho.

Akakaa kitini, kidevu juu, akaamuru apunguzwe mashavu na kuongezwa shingo. Picha ilipokamilika, akawa anapita mbele ya ukuta bila safari yoyote. Ndoa yenyewe haikuwahi kumpa raha ile.

Siku ya uzinduzi watu walifurika. Mwenyekiti alilitaja neno urithi mpaka likachuja. Kisha msusi, aliyesikia kwenye hotuba kuwa mwanamke wa sabuni amerudi, akavuka barabara, kashikwa mkono na mteja wake, akasogezwa ukutani. Mama Cherehani akajishika kiuno. Alijua ugomvi umefika, na majibu alikuwa ameyaweka tangu ujana.

Msusi akapitisha vidole juu ya rangi, polepole, shavuni, shingoni. Machozi yakamtoka.

"Mwenzangu, kumbe hamkunifuta," akasema. "Mimi nilijua sina tena mahali nilipobaki mzuri."

Binti mchoraji akamtolea Mama Cherehani macho. Yeye majibu yote alikuwa nayo tayari mdomoni. Lakini alimwonea huruma msusi, na huruma hiyo ilimkera vibaya sana.

"Ni wewe," akasema. "Shingo hiyo ingekuwa ya nani?"

Asubuhi yake akamwita binti aje na brashi, atie kidoti cheusi chini ya jicho la kushoto. Binti akamwangalia usoni, akamwambia mbona hana kidoti.

"Yeye anacho," akasema Mama Cherehani, akarudi kushona.