Siku Nilipowasalimu Waumini wa Bwera kwa Kimalei

Afadhali niisimulie mwenyewe, maana kuanzia Bwera mpaka Kasese kila mtu anaisimulia kivyake na kila mmoja anaongeza chumvi, kuna hata anayesema nilizirai mbele ya altare (sikuzirai, nilitamani tu kuzirai, hayo ni mambo mawili tofauti). Mimi ni mtu wa kuumbuka mara kwa mara, nakubali, lakini aibu ya Jumapili ile sijapata kuiona nyingine ya kuikaribia, na ubaya wake ni kwamba hakuna aliyenisukuma, nilijitumbukiza mwenyewe kwa neno moja tu, neno "ndiyo".

Nasoma uhandisi wa umeme Malaysia, huu ni mwaka wangu wa tatu, na tangu niondoke sikuwa nimerudi nyumbani hata mara moja. Baba yangu ni polisi, mtu wa kabila la Wateso, kutoka Soroti, lakini mimi nilizaliwa na kukulia kambini Kasese, ndiyo maana lugha yangu ya kwanza ni Kiswahili, kile cha kambi, cha "wewe, kuja hapa, simama sawasawa". Shuleni nilikuwa na marafiki wawili wa damu. Wa kwanza ni Kavira, ambaye wazazi wake ni Wakongo wa Butembo wanaouza vitenge Bwera, hapa mpakani mwa Uganda na Kongo, na wa pili ni Mbambu, msichana wa milimani Mahango, siku hizi mwalimu wa shule ya msingi hapo hapo Bwera. Tulilala bweni moja miaka minne, tukala sahani moja, tukachapwa pamoja kwa makosa ya Mbambu.

Basi likizo ilipofika nikakaa na baba siku tatu, ya nne, Jumamosi, nikateremka Bwera.

Nilikuwa nimeota kelele na kukumbatiana mpaka kanga zidondoke, lakini haikuwa hivyo. Kavira alinipa mkono. Mkono! Mbambu akanikalisha kwenye kiti cha wageni, kile chenye kitambaa cha kufuma, wakaniletea soda yenye mrija, wakakaa mbele yangu wakiwa wamekunja mikono kama watu waliokuja kuposa. "Safari ilikuwa nzuri?" Nzuri. "Na masomo?" Mazuri. Basi, maswali yakaisha. Nikajua ni kosa langu, kwa sababu mwaka wa kwanza niliwapigia kila wiki, wa pili kila nilipokumbuka, wa tatu nikawa natuma picha tu, tena picha za majengo.

Hapo ndipo mama yake Kavira akaingia kutoka dukani. Huyu mama ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwanamke mnene, mchangamfu, sauti yake inasikika mpaka ng'ambo ya mpaka bila simu. Yeye ndiye aliyenikumbatia ipasavyo, akanishika mashavu, akauliza, "Mutoto yangu, kule Malezia beko nasema luga gani?"

"Kimalei, mama."

"Na weye unakijua?"

Sasa, ukweli ni huu. Chuoni tunasoma kwa Kiingereza. Chumbani nakaa na Msudani na Mnigeria. Kimalei ninachokijua ni cha kuagizia wali na cha kusoma mabango ukutani, basi, kinaishia hapo. Lakini niliwatazama marafiki zangu wamekunja mikono, nikaona kwa mara ya kwanza tangu nifike Mbambu ameinua kichwa ananisikiliza, nikasema, "Ndiyo mama, nakijua vizuri sana."

"Sema kitu!" akadakia Mbambu, nami nikasema kitu (nilimwagizia wali na yai, kwa madaha), na kiti cha wageni kikasogezwa karibu, na Kavira akacheka kile kicheko chake cha zamani cha puani, na mambo yakawa matamu kweli. Tukazungumza mpaka jua likazama. Kama ingeishia hapo, leo ningekuwa mtu wa heshima.

Jumapili tulikwenda misa wote wanne, kanisa limejaa, sisi benchi la katikati nyuma ya ngoma za kwaya. Mama Kavira alikuwa amevaa kitenge kipya na alikuwa na tabasamu ambalo sikulielewa, mpaka tulipomaliza kukomunika. Nilikuwa nimepiga magoti, macho nimefumba, nikamsikia katekista anatangaza matangazo. Ndoa fulani. Usafi wa Ijumaa. Padri mgeni anayefanya kazi Butembo, amecheleweshwa na foleni ya mpakani lakini amefika salama, karibu padri (makofi, nami macho bado nimefumba, ndiyo ibada yangu ilivyo siku nikiwa na usingizi). Halafu akasema, "Mwenyekiti wa akina mama ametuambia kwamba tuko na mtoto wetu amerudi kutoka Malaysia, anajua lugha ya kule vizuri sana. Aje hapa mbele atusalimie na atuombee baraka kwa lugha hiyo."

Nilifumbua macho. Mama Kavira alikuwa ananitazama jinsi mama anavyomtazama mtoto aliyepewa zawadi shuleni. Ningeweza kusema nina homa. Nikainuka, nikatembea mpaka mbele, nikawageukia watu, altare ikabaki nyuma yangu, nikapokea kipaza sauti. Tumsifu Yesu Kristu. Milele na milele, amina.

Kichwani hamkuwa na kitu isipokuwa kuta za chuo changu, na mabango yake. Kwa hiyo nikainua mikono, nikashusha sauti, nikasema polepole kama ninaomba, "Dilarang merokok. Sila beratur. Jangan pijak rumput." Maana yake: ni marufuku kuvuta sigara, tafadhali pangeni foleni, msikanyage majani. Watu wakainamisha vichwa. Nikapata nguvu, nikamalizia kwa lile la karibu na ngazi za maktaba, "Awas, lantai licin," yaani hadhari, sakafu inateleza. "Terima kasih. Amina."

"Amina!" wakajibu, na vigelegele juu.

"Sasa utufasirie," akasema katekista.

Nikatafsiri. Nilisema Mungu awabariki, awalinde watoto wenu, awape mvua kwa wakati wake na amani mpakani, nikaendelea kwa maneno mengi kuliko yale niliyokuwa nimesema, mzee mmoja wa benchi la mbele akavua miwani akafuta macho. Ningerudi kukaa wakati huo. Lakini Mama Kavira alisimama pale alipokuwa, mikono kifuani, sauti yake ile kubwa imekuwa ndogo.

"Mutoto yangu, samahani. Rudilia tena ile maneno. Uombee dada yangu Kanyere, ule alibakia Beni. Iko mwezi ya pili simu yake haiingie."

Nilijua habari za mama mdogo Kanyere, Kavira alikuwa amenieleza jana yake, yeye na vita vya kule Beni, Kongo, na bado sikusema kweli. Nilifanya nini? Niliinua mikono yangu tena, na mbele ya mwanamke anayelia kwa ajili ya dada yake nikasema, "Awas, lantai licin." Jamani, hapo hata mimi nilijisikia baridi.

Ndipo sauti ya mwanamume ikatoka nyuma yangu, ya upole, ikasema kitu kirefu kwa Kimalei.

Niligeuka. Kwenye kiti cha pembeni mwa altare alikuwa ameketi yule padri mgeni, mtu mfupi wa makamo, nywele nyeusi zilizolala, macho yanacheka, na sura hizo mimi nakutana nazo kila siku ya Mungu nikienda darasani. Baadaye nilielezwa kwamba yeye ni wa Indonesia, na mnajua kwamba lugha yao na Kimalei ni kama Lhukonzo ya huku kwetu na Kinande cha ng'ambo ya mpaka, watu wanasikilizana bila taabu (mimi pia nilijua, ila sikuwahi kufikiri kwamba jambo hilo lingenihusu nikiwa Bwera).

Akarudia, taratibu, ananitazama. Sikuelewa hata neno.

"Padri anasema nini?" katekista akauliza, amefurahi kama nini.

Mtu mwenye akili angekiri wakati huo. Mimi nikasema kwenye kipaza sauti, "Padri anasema... amefurahi sana kukutana nasi, na kwamba leo atakuja kula chakula cha mchana nyumbani kwa Mama Kavira."

Vigelegele, safari hii mpaka ngoma zikalia. Padri akasubiri vikaisha, akainuka, akaja akasimama karibu yangu, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka cha Butembo, "Mimi niliuliza tu: mutoto, umekaa kule myaka ngapi? Lakini kula, nitakuja kula."

Watu wakacheka, si sana, kicheko cha kutaka kuelewa. Katekista akakuna kichwa. "Na ile baraka ya kwanza, padri, ilikuwa inasema vile alivyotufasiria?"

Padri alinitazama. Niliona wazi kabisa kwamba yuko tayari kunifichia, angesema "karibu hivyo hivyo" na mambo yangekwisha, mimi ningepanda ndege na siri yangu. Akasema, "Ile, iko yeye mwenyewe wa kuieleza," akanipa nafasi ya kuchagua.

Nilimtazama Mama Kavira, bado amesimama. Nikasema. "Nilisema msivute sigara. Mpange foleni. Msikanyage majani." "Na mara ya pili nilisema sakafu inateleza. Mimi Kimalei sikijui. Naomba mnisamehe."

Mpiga ngoma mmoja akapasuka kwa kicheko, halafu kwaya, halafu kanisa zima, mabenchi yakatikisika, mzee wa miwani akazivua tena akafuta macho kwa sababu nyingine, hata padri aliinamia altare mabega yanaruka. Watu walicheka mpaka katekista akasahau kumalizia matangazo. Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Kavira aliketi polepole, akakunja leso yake mara nne, akatazama chini.

Nyumbani hakunisemesha. Padri alikuwa anakuja kweli, kwa hiyo jiko lilikuwa moto, sombe, yaani kisamvu, inachemka, samaki wa Katwe wanasubiri, na mimi nimesimama mlangoni sijui niingie au nirudi Kasese kwa miguu. Mwisho nikaingia, nikapiga magoti pale penye maji na maganda.

"Mama, nimekukosea."

Aliendelea kukoroga. "Ya kuchekesha bantu, ile si kitu," akasema. "Hata mimi nitacheka, kesho. Lakini nilikuomba juu ya Kanyere, na weye ulinitazama mu macho."

"Ndiyo, mama."

"Juu ya nini ulifanya vile?"

Nikamweleza, yote, kiti cha wageni, soda yenye mrija, mikono iliyokunjwa, kwamba niliogopa nimekuwa mgeni kwao na hicho Kimalei kilikuwa kitu pekee walichotaka kukisikia kutoka kwangu. Kavira na Mbambu walikuwa nyuma yangu, sikujua, nikasikia Mbambu anavuta makamasi. Mama Kavira akanipa kisu. "Menya ile ndizi. Bageni hawamenye ndizi."

Tukamenya watatu, magoti yanagusana, na Mbambu hakuweza kuvumilia dakika mbili, akaanza, "Samahani dada, hapa tunapanga foleni?" na Kavira akacheka kile kicheko cha puani, nikajua wamerudi. Waliniita Sista Foleni mchana kutwa.

Padri alikula vizuri, akaongeza bundu, ule ugali wa muhogo, mara mbili. Baada ya kunawa Mama Kavira akamwomba amwombee dada yake, naye akasema atamwombea, lakini aanze yule msichana wa foleni, na asali kwa lugha anayoota nayo. Nilikuwa sijawahi kusali kwa sauti mbele ya mtu, kambini sala ni fupi na baba ndiye anayeiamuru. Nikasema, "Mungu, huyu mama Kanyere iko Beni. Wewe unamuona, sisi hatumuoni. Mulinde. Mpe chakula. Mpe simu. Mwambie dada yake anamungoja." Basi, haikuwa na maneno mengine. Mama Kavira alishika mkono wangu na hakuuachia hata padri alipokuwa anasali yake.

Nilipofika Kasese habari ilikuwa imenitangulia, kuna askari wa mpakani anasali kanisa lile lile. Baba alikuwa amesimama mlangoni na sare yake, uso mkavu. "Simama hapo. Toa ripoti." Nikatoa ripoti, mikono ubavuni, kila kitu mpaka kisu na ndizi. Alisikiliza bila kutingisha hata sharubu, akasema, "Ripoti imepokelewa, pita ndani," halafu nikamsikia huko uani anacheka peke yake mpaka anakohoa.

Mama mdogo Kanyere hajapatikana bado. Kavira ananiambia kila Jumapili, kwa sababu sasa nampigia kila Jumapili, hata kama hakuna jipya, hata kama ni kusema tu kwamba leo nimechoka na wewe je. Kimalei nimeanza kujifunza kwa dhati kwa mama anayeuza wali chini ya hosteli yetu, ananicheka sana. Na nimejiwekea sheria moja: mtu akiniuliza tena kama najua kitu, kwanza nimtazame usoni nijue anakitaka kwa ajili ya nani. Nikishajua hilo, na kama kitu chenyewe sikijui, nitasema sikijui, hata kama ni mbele ya kanisa zima.