Nyama Haiingii Mguu Unaokimbia

Nakumbuka zilikuwa zimebaki siku nane kabla ya mashindano, mwanangu, na swali moja lilikuwa likininyima usingizi: nikipumzika leo, ni nani atakayenipita?

Ulikuwa wakati wa Mjerumani. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni, najua kusoma na kuandika, na boma la Arusha lilitafuta vijana wanne wawe matarishi, wapeleka barua kwa miguu. Tungeshindanishwa kukimbia kutoka bomani hadi mto Usa na kurudi. Atakayeachwa angechukuliwa upagazi, abebe mizigo ya safari kwa miezi asiyoijua. Mama yangu alikuwa mjane, nami nilikuwa mtoto wake pekee. Basi nikakimbia.

Alfajiri niliteremka kutoka Akheri, nikaupanda mlima tena. Jioni nikarudia. Hata Jumapili nilitoka ibadani moja kwa moja mbioni. Kila nilipoondoka asubuhi, mama aliinjika ndizi. Mwanzoni nilirudi hazijaiva. Wiki ya tatu nilizikuta zimeiva. Ya nne, zimepoa. Akili yangu ya shule ikanipa jibu moja tu: ongeza. Nikaongeza. Mtu anaweza kujua hesabu, mwanangu, na bado akajumlisha mahali panapotaka kutoa.

Ndipo akaja mjomba, kaka yake mama, Mwarusha wa Olasiti aliyekuwa morani ujanani. Alinikuta nimeegemea mgomba, nahema.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani anakufukuza?"

"Hakuna mtu, mjomba. Nafanya mazoezi."

"Hakuna mtu, na bado amekumaliza hivi? Akija mwenyewe je?"

Akachutama, akanibonyeza muundi. Nikapiga yowe.

"Kesho twende msituni," akasema. "Vijana wanachinja dume. Utakula, utalala."

Nilishtuka. Misheni walitufundisha kwamba ile kambi ya nyama ya morani, olpul, ni upagani na uvivu. Nikamjibu kwa methali, kama msomi: "Mjomba, mvumilivu hula mbivu."

"Na ngoma ikivuma sana hupasuka. Huyo Mungu wenu si alipumzika siku ya saba? Au wewe umemzidi nguvu?"

Mama alicheka jikoni. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechoka mno hata nisiweze kubishana, na nadhani uchovu huo ndio ulionipeleka msituni, si hekima.

Tulilala juu ya majani. Tulikula nyama, tukanywa supu iliyochemshwa na magome machungu. Siku ya kwanza nililala kama gogo. Siku ya pili nikaamka na hofu: wenzangu wanakimbia, nami nimejaza tumbo! Nikasimama, nikajifunga nguo, nikaanza kuondoka.

Mjomba hakuinuka. "Kaa chini," alisema. "Nyama haiingii mguu unaokimbia."

Nilimfikiria mama, nikawafikiria wapagazi niliowaona wakirudi na mabega yaliyochubuka. Nikaubonyeza muundi mwenyewe. Bado uliuma, lakini si kama jana. Nikakaa.

Nilikaa siku nne. Zilizobaki nilitembea, nikakimbia kidogo, nikaacha mapema moyo ukinisuta. Siku ya mashindano sikuwa wa kwanza, wala wa pili. Nilifika wa tatu, na mama hakubaki peke yake.

Mwanangu, sikuambii ulale tu. Mvivu naye ana safari yake, na haifiki mbali. Nakuambia hivi: mazoezi huuvunja mwili, na mapumziko ndiyo huujenga. Ukivunja kila siku, utajenga lini? Miguu ikizidi kuwa mizito huku bidii ikizidi, usiiongezee fimbo. Kula, lala, kisha ujaribu tena. Na hofu ikikunong'oneza kwamba wenzako wanakupita, mwache apitaye apite. Wewe una mwili mmoja tu wa kukufikisha. Hata leo, mzee kama nilivyo, hofu ile hunijia nikikaa kitako mchana. Huwa siibishii. Naendelea kukaa.

Mungu akupe kazi iliyo sawa na nguvu zako, na baada ya kazi akupe usingizi usio na hatia. Uamke mwepesi.