Pumzi ya Shangazi

Shangazi yangu anauza vitoto vya sungura, na hakuna mtoto mtaani aliyenunua kwake asiyemrudia mbio akilia: "Shangazi, ananyonyoka!" Yeye hana haraka. Humpakata mgonjwa, hukunja midomo kama anayepoza chai, kisha hupuliza. Manyoya yanafunguka duara, ngozi inaonekana, naye anasogeza miwani. "Hana mba, hana kidonda, wala hajikuni. Haya ya utotoni yanatoka tu. Ona, chini mapya yanaota. Mwache mwenzio akue." Mazoea yamemkolea mpaka dukani hupuliza mazulia, na wenye duka wameshazoea. Jumapili nilimleta mchumba wangu nyumbani nikiwa na wasiwasi, maana baba hatoi neno kabla dada yake hajatoa lake. Kijana wa watu, ambaye nywele zimeanza kumkimbia mapema, akainama kwa adabu zote: "Shikamoo, Shangazi." Shangazi akaitikia marahaba, na kabla sijamwahi akampuliza utosini. Akasogeza miwani, akatazama vizuri, akamgeukia baba. "Ngozi safi kabisa," akasema. "Ila chini sioni mapya yakiota."