Mshipa wa Kugeuzwa Kama Kola

Mguu wangu wa kushoto ulikosa damu. Nikikanyaga pedali ya cherehani, shavu la mguu linabana kama limeshikwa na koleo. Baadaye kidole gumba kikaanza kuwa cheusi. Daktari, binti ninayeweza kumzaa, alisema mshipa umeziba chini ya goti. Wakitengeneza njia ya pembeni na damu ikapita, mguu utabaki. Isipopita, utakatwa.

"Tunaweza kutoa mshipa wako mwenyewe kwenye mguu wa kulia, mama, au tukaweka mrija wa kiwandani."

"Wa kiwandani," nikadakia.

"Mbona haraka?"

"Cha kwangu huwa hakidumu."

Mdogo wangu, aliyenisindikiza, akashika kichwa. Alijua kinachofuata. Nikamweleza daktari kwamba mwanamke aliyeolewa na mume wangu, gauni la harusi nilimshonea mimi. Aliniambia bwana harusi yuko safarini. Wangu naye alikuwa safarini, na bado sikushtuka. Nikampima kiuno, nikamsifia, nikamuongezea shanga.

"Sasa mtu mwenye macho kama haya," nikasema, "ndiye wa kuchagua mshipa?"

"Dada, daktari kauliza mguu. Ndoa hajauliza."

Daktari alicheka. "Chini ya goti, mrija wa kiwandani huziba upesi zaidi. Mshipa wako ni kitu hai."

"Mimi ni fundi, mwanangu. Mpira uliotoka kwenye suruali kuukuu siutii kwenye nyingine. Natia mpya."

"Mshipa huu tunaugeuza, upande wa juu unakuwa chini. Ndani una vilango vinavyopitisha damu upande mmoja tu. Tusipougeuza, vitaizuia."

Hapo nikakumbuka cherehani yangu. Kola ya shati ikichakaa, huwa siitupi. Naifumua, naigeuza, upande uliojificha unatoka nje, na shati linarudi kazini. Nimegeuza kola za wanaume wa mtaa mzima, za mume wangu zikiwemo. Alizivaa nadhifu kabisa akienda kwa mwenzangu. Halafu mimi huyo huyo naomba kiwanda kiniokoe!

"Geuza," nikasema.

"Nini kimekubadilisha?"

"Usimuulize, daktari," mdogo wangu akaingilia. "Tutalala hapa."

Siku iliyofuata upasuaji, nesi aliweka kidole juu ya mguu wangu, karibu na vidole, akaniinua nishike mwenyewe. Palikuwa panadunda. Mguu ulikuwa na joto kama wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nikaanza kulia, nikasingizia dawa.

Kidole gumba hakikupona. Walikiondoa, na mdogo wangu akaniuliza kwa huruma kama nitakililia nacho.

"Aa," nikamwambia. "Nilishamlilia mwanamume mzima, na hakuwa na faida ya kidole."