Kumchagua Mshambuliaji Mwezi wa Ramadhani

Samahani kwanza kwa mwandiko huu na makosa ya herufi. Kiswahili nilikisoma Wete mpaka darasa la saba tu, kisha nikaletwa London, na ninaandika polepole. Kusema mbele za watu naona haya, ndiyo maana nimeshika kalamu. Umri wangu hautoshi kumwita mtu mwanangu, lakini mwanangu, mwakani wewe na wenzako ndio mtakaochagua wachezaji wa timu ya chuo chetu hapa Harrow, basi nisikilize.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya Ramadhani. Tulitaka mshambuliaji mmoja, na katika majaribio walibaki wawili: Nassor, mtoto wa shangazi yangu, na Kevin, Mkenya wa mtaa wa Kenton ambaye mama yake ni nesi. Mimi ni kipa na nahodha, na kocha wetu, Mzee Khamis, alitaka maoni yangu. Shangazi alikwishanipigia simu: "Usimsahau ndugu yako."

Kabla ya kuanza, Mzee aliwaambia wote, "Simu yangu ikiadhini, mpira unalala. Hapa ndivyo tunavyoishi."

Mchezo ulikolea mpaka baridi tukaisahau. Kevin alimchenga beki wa kwanza, akamchenga wa pili, akanipita na mimi nikala nyasi. Goli tupu. Hapo simu ikaadhini. Kevin akaweka mguu juu ya mpira, akasimama. Nassor, aliyekuwa upande mmoja naye, akaja mbio, akauchota mpira ule, akafunga, akazunguka uwanja mikono juu.

Tukaketi mkekani kufuturu. Kevin aliuma sambusa, akauliza, "Kocha, hizi ziko kila mazoezi?"

"Mwezi mzima."

"Basi hata mkinikataa nitakuja kuokota mipira."

Tulicheka. Mimi nikamnong'oneza Mzee, "Tumchukue Nassor. Ni wetu, mila anazijua. Mcheza kwao hutuzwa."

Mzee akatema kokwa ya tende. "Anazijua, ndiyo. Na adhana ilipolia alifanya nini? Yule mwenzake hafungi saumu, wala si dini yake, na kaacha goli tupu kwa ajili yetu. Wewe unaniletea undugu. Mimi natafuta mtu wa kukaa nasi."

Kevin akachukuliwa, shangazi akaninunia. Lakini Jumamosi iliyofuata, mwanangu, laiti ungekuwepo. Kevin alifunga mawili, na la pili lilimfanya Nassor, aliyesimama pembeni, apige kelele kuliko sisi sote. Wiki ile Nassor, ingawa hakuchaguliwa, alikuja mazoezini wa kwanza.

Basi unapochagua, usiulize kijana katoka nyumba gani. Mtazame anapoambiwa aache kitu anachokitaka sana. Miguu yenye kasi imejaa hadi mtaa wa Rayners Lane. Anayeheshimu watu wa mahali ndiye atakayedumu nao. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na wenyeji wenyewe ndio sisi.

Mungu akutie nuru machoni, aipe miguu yako afya, akukutanishe na wenzako wema. Niandikie, japo mistari miwili, uniambie mmemchagua nani na kwa nini. Nitasubiri.