Risasi Ndani ya Unga

Shaba ya njano ikipata moto ina harufu yake. Si ya moshi, wala si ya chuma. Inakaa nyuma ya ulimi kama vile umelamba sarafu, na ikichanganyika na siki ya kusafishia, mimi papo hapo ni mtoto wa miaka kumi. Karakana yangu hapa Rosettenville inanuka hivyo kila siku. Tunatengeneza vitasa, bawaba na mabomba yanayong'aa kwenye maofisi ya Randburg, na nikisema hakuna mtu kusini mwa Johannesburg anayeijua shaba kama mimi, msidhani natania. Shule niliiacha darasa la saba. Wenye diploma ndio wananipigia simu kuniuliza.

Watu wakiuliza ufundi huu niliupata wapi, huwa nasema kwa baba yangu, halafu nabadilisha mazungumzo. Nyinyi nitawaambia yote.

Tulipotoka Bukavu tulipata chumba cha uani kwa Mzee Duarte, Mreno mmoja aliyekimbia vita vya Angola kabla sisi hatujakimbia vya kwetu. Labda ndiyo maana alitupokea bila kuuliza makaratasi. Kodi hatukulipa; baba alilipia chumba kwa kazi ya mikono. Mzee Duarte alikuwa mtu wa shabaha na wa kuwinda, na risasi za dukani alizidharau kama mama yangu alivyodharau mkate wa dukani. Alitengeneza zake mwenyewe garajini. Kutoka uwanja wa shabaha alileta ndoo za maganda madogo yaliyokwisha kupigwa, na ganda lile lile lililokuwa takataka likageuka koti la shaba la kuvalisha risasi mpya. Kubana kwenye mashine ya mkono ilikuwa kazi ya baba, ambaye Bukavu alikuwa fundi wa kufuli na redio. Kuosha na kusugua ilikuwa kazi yangu.

Na niliifanya vizuri, jamani. Niliyasugua maganda kwa siki na sabuni hadi vidole vikawa vyeusi na ganda likawa kama pete ya bibi harusi. Mzee Duarte alikuwa akiinua moja juu ya taa, anapiga mluzi, anasema kwa Kiingereza chake kilichovunjika kuliko changu kwamba Johannesburg nzima hakuna zinazong'aa hivi. Mimi nilivimba. Shuleni watoto waliniita *kwerekwere*, tusi lao kwa wageni, na kucheka ninavyotamka maneno yao, lakini pale garajini nilikuwa mtu. Ile mashine ya baba ilikuwa na pengo dogo kwenye kinywa chake, kwa hiyo kila risasi iliyotoka ilikuwa na mchubuko mmoja mwembamba ubavuni, kama mtu ameipitisha ukucha. Niliweza kuutambua kwa dole gumba nikiwa nimefumba macho.

Zilikokwenda baadaye sikuuliza. Swala wa kule Karoo, nilidhani. Mbao za shabaha. Wakati mwingine Tino, mpwa wake Mzee Duarte, kijana mwenye bakkie jekundu, yaani pikapu, na hasira za haraka, alikuja Jumamosi akabeba boksi zima.

Sasa, kulikuwa na Tonton Bahati, yaani mjomba Bahati. Hakuwa ndugu wa damu, alikuwa mtu wa Uvira, lakini ugenini ukisikia mtu anaongea kama nyumbani anakuwa ndugu. Alilinda magari mbele ya spaza, kiduka cha Mama Lindiwe, karibu na robot, taa za barabarani, akiwa na koti la kijani na kipenga alichokipuliza hata pasipokuwa na gari. Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, dereva mmoja aligombana naye kuhusu mahali pa kuegesha. Maneno yakapanda. Gari likaondoka, likasikika mlio mmoja tu, na Tonton Bahati akakaa chini barabarani kama mtu aliyechoka. Risasi ilipita kwenye goti ikatokea upande wa pili, kuelekea dukani. Mashahidi walisema bakkie. Rangi, kila mmoja alisema yake.

Alipotoka hospitali, mama alikataa arudi kwenye ghorofa yake ya ngazi nyingi. Akalazwa kwetu, kwenye kitanda changu, mimi nikahamia sakafuni. Jioni moja mama alileta mfuko wa unga wa mahindi ambao Mama Lindiwe alimpa kwa huruma, kwa sababu ulikuwa umetoboka na kuzibwa kwa utepe. Mama akachekecha unga wa bugali. Baba alikuwa ananyoosha mguu wa Tonton Bahati juu ya mto. Mara kwenye sinia kukalia, *ti*.

Mama alidhani ni kijiwe. Mimi nilikiwahi. Nikapangusa unga kwa shati, nikapitisha dole gumba, nikaukuta ule mchubuko. Ncha ilikuwa imepinda, lakini shaba bado inang'aa. Furaha iliyonipanda siwezi kuisahau, na ningependa kuisahau.

"Ni ya kwetu iyi!" nikapiga kelele. "Papa, angalia! Ni miye niliisugua!"

Nikageuka kumwonyesha Tonton Bahati. Alikuwa anakiangalia kile kitu mkononi mwangu, halafu akaangalia goti lake. Hapo ndipo kofi la baba liliponifikia. Hakuwahi kunipiga kabla, wala hakunipiga tena.

"Funga mudomo," alisema, akaichukua, akatoka kwenda nyumba kubwa.

Kupitia dirishani nilimwona amesimama mlangoni pa jikoni kwa Mzee Duarte, kofia mkononi. Mzee aliivaa miwani, akaishika ile risasi muda mrefu, akamrudishia. Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye chumba chetu, polepole, bila ukali, kama mtu anayekumbusha tu. Baba akarudi na hakula.

Kesho yake nilipotoka shule alinisubiri kwenye bomba la uani.

"Utaenda kumwambia tonton wako kama ulikosea. Haikuwa ya kwetu."

"Lakini papa, sikukosea."

"Najua," alisema baba. "Nenda."

Nikaenda. Tonton Bahati alikuwa amelala akitazama dari. Nikamwambia nilikosea, kwamba risasi zote zinafanana. Yeye akanishika kichwa.

"Si kitu, mwanangu. Batoto banakoseaka."

Nilimchukia baba kwa miaka. Nilijiambia: aliuza mguu wa mwenzake kwa chumba cha uani. Na bado niliendelea kusugua, kisha nikashika mashine mwenyewe, na nilipoacha shule garaji lile ndilo likawa shule yangu. Yote ninayoyajua kuhusu shaba, lini inalainika, lini inakasirika, niliyajua pale. Tonton Bahati alihama akichechemea, na hakuna polisi aliyewahi kuja.

Mwaka juzi baba alifariki. Kwenye matanga akaingia mzee mwenye fimbo, goti moja halikunjiki. Tulikaa pembeni, chai mikononi, na bila mimi kuuliza akaniambia.

"Papa yako alikuya kwangu asubuhi yake, weye ukiwa masomo. Akaniwekea ile risasi mukononi. Akasema: ukitaka polisi, tunaenda sisi wawili, nitasema ni miye niliitengeneza. Nikamuuliza, na batoto batalala wapi? Basi nikamurudishia."

"Kwa hiyo nilipokuja kusema nilikosea…"

"Tulikuwa tumeisha kuongea." Akacheka kidogo. "Tuliogopa mudomo yako. Ungeenda masomo kujisifu."

Hivyo Tonton Bahati hakuuzwa na mtu. Mguu aliutoa mwenyewe, akiwa amelala kwenye kitanda changu, ili kitanda kibaki changu. Na baba alinibebesha ule uongo, akakubali nimchukie, kuliko nijue, nikiwa na miaka kumi, nilikuwa nalala juu ya nini.

Kisha Tonton akaniuliza habari za kazi. Mnanijua. Nikatoa simu, nikamwonyesha karakana, mashine mpya, vijana kumi na mmoja waliovaa ovaroli zenye jina langu. Kila picha alisema *eish*, alitikisa kichwa kwa furaha kana kwamba ni mali yake. Nilijisifu saa nzima. Nikamsindikiza hadi kwenye teksi, nikamfungia mlango.

Nilikuwa nimefika nyumbani, navua viatu, ndipo nilipogundua kwamba sikumshukuru, sikumwomba radhi, sikumwambia hata kwamba ilikuwa ya kwetu kweli. Miezi minne baadaye walimrudisha Uvira kwenye sanduku. Katika maisha yangu yote, jambo moja tu nililomwambia Tonton Bahati kuhusu goti lake ni lile la uongo.