Majina Ndani ya Chupa

Juzi nilimpeleka mwanangu kuchomwa sindano kwenye zahanati ya hapa kwetu Bunju. Nesi alipofungua kichupa cha spiriti aloweke pamba, mie ndiye niliyegeuza uso, wakati sindano si yangu. Ni ile harufu. Inachoma puani kwanza, halafu inaacha ubaridi kooni, na kila nikiinusa ninarudi kuwa na miaka tisa, nimepiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha watu, kibano kimezama kwenye chupa isiyo yangu. Nyie nawaambia kwa sababu aliyestahili kuambiwa kwanza nimeshamwambia.

Tulikuwa tunakaa Kunduchi, kwenye nyumba aliyoacha babu, vyumba sita, viwili tumepangisha. Mama alikuwa anauza samaki wa kukaanga, na maji yakikupwa anaingia mwambani kutafuta pweza. Bibi, mama yake baba, kazi yake ilikuwa kukaa barazani na kushuku watu. Alimshuku muuza maziwa, akamshuku fundi bomba, akamshuku na paka wa jirani. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akisema, halafu anakukagua nguo.

Basi fikirieni siku alipohamia Dada Koku. Alikuwa Mhaya, msichana wa chuo, mpole, shikamoo haikauki mdomoni. Alikuja na godoro, hadubini na makreti mawili ya chupa. Akaeleza kwamba anasomea vijidudu wa baharini, wa jamii ya kamba na kaa, wale wanaojificha kwenye mwani. Bibi akauliza kama wanaliwa. Akajibiwa hapana, ni wadogo mno. Alipoingia ndani kupanga vitu, Bibi akaniambia taratibu, "Mtu hatoki Bukoba, akaacha ziwa zima, akaja kufuata uduvi usiolika. Huyu ana lake."

Mie nilimpenda. Mama alikuwa anamletea mwani kwenye ndoo kila akitoka mwambani, naye anausuuza kwenye beseni, anachuja, halafu ananiruhusu nichungulie hadubini. Kwetu sie vyote vile vilikuwa uduvi, hadithi imeisha. Kumbe kila kimoja kina ukoo wake. Huyu kabanwa ubavuni, kwa hiyo analala upande. Yule kabanwa mgongoni na anatambaa kama mende. Wote wana miguu saba kila upande, lakini ukiwaita ndugu wa tumbo moja umewakosea. Alihesabu mpaka vinyweleo vya mkiani, akachora, akafuta, akachora tena. Kulikuwa na mmoja, mdogo kuliko punje ya mchele, mwenye gando moja kubwa kushinda kichwa chake, ambaye alikuwa anamrudia kila siku. Hakuwamo kwenye kitabu chake chochote. "Huyu bado hana jina duniani, Zuhura," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya furaha. Mie nilimwonea huruma mdudu.

Miezi ile mama alikuwa mjamzito. Mimba mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika, na nyumba nzima ilikuwa inatembea kwa vidole. Kwetu mimba haitangazwi, inafunikwa kanga na midomo inafungwa. Nilifundishwa nisiseme mama mgonjwa wala nisiseme mama mzima, mtu akiuliza niseme yupo.

Mwaka ule ndio nilikuwa nimeshika kusoma, na nilikuwa nasoma kila kitu, hadi karatasi za kufungia vitumbua. Mchana mmoja nikaiinua ile chupa ya mwenye gando moja, nikaona ndani ya spiriti, ubavuni kwa mdudu, kuna kijikaratasi kimeandikwa. Nikasoma: Kunduchi, mwambani, maji ya magotini. Mwajuma Salum.

Mwajuma Salum ni mama yangu.

Aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa zaidi, ila mliotoka bara niwafafanulie. Sie tuna kombe. Mtu akiumwa, aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Maandishi ya heri yanakubali maji, yanaingia mwilini yanatibu. Lakini jina la mtu kwenye karatasi, limefungiwa chupani pamoja na mdudu, hilo Bibi alishanieleza kazi yake toka sijaanza shule.

Ningemuuliza Dada Koku, angenijibu kwa sentensi moja. Lakini mwenye shaka haulizi, anachunguza. Nikaanza kumchunguza. Akiniuliza "mama anaendeleaje leo, mbona miguu imevimba?", nilijisemea moyoni, miguu ya mama yangu inamhusu nini huyu, au anaihesabu nayo? Nikasoma na chupa nyingine. Nyingine zilikuwa na majina ya wavuvi ninaowajua, na juu yake maneno marefu ambayo si Kiswahili wala Kiingereza cha shuleni. Nikaona hayo ni majini wenyewe wanaoitwa. Na yeye masikini alizidi kuniamini. Akanipa ufunguo wa akiba wa chumba chake, mvua ikinyesha niingize nguo zake alizoanika.

Ikafika Jumamosi mama akaamka na maumivu, na nikaona damu kwenye kanga yake. Baba alikuwa kazini. Bibi akamfunga mama kanga nyingine, wakaenda hospitali, mie nikaambiwa nibaki nyumbani. Dada Koku alikuwa ameenda mjini tangu asubuhi. Nilikaa barazani nikiwa na ufunguo mkononi. Nilijua mama akirudi mtupu mara ya tatu hatabaki yule mama ninayemjua, na nilikuwa na hakika ninajua kinachomla.

Nikaingia. Nikafungua chupa moja baada ya nyingine, nikatoa karatasi zote kwa kile kibano chake, maana niliona ukiokoa mmoja ukaacha wavuvi wa watu ni roho mbaya. Nikaziloweka kwenye ndoo ya maji ya chumvi, nikazisugua. Maandishi hayakutoka. Nikasugua kwa sabuni, hayakutoka. Hapo sasa shaka ikaisha, kwa sababu heri ingekubali maji. Nikaziweka juu ya jiko la mkaa, nikazitazama mpaka jina la mwisho likawa jivu. Adhana ya adhuhuri ikaita.

Walirudi jioni. Damu ilikuwa imekata, mtoto yupo, mama kaambiwa alale. Bibi akasimulia kwamba maumivu yalitulia palepale kwenye foleni, wakati wa adhuhuri. Mnaona mambo hayo. Nani angeweza kuniambia mie kitu?

Dada Koku alirudi baadaye kidogo. Tulisikia mlango wake, halafu chupa zikiinuliwa moja moja. Alipotoka hakupiga kelele. Alisimama mlangoni kwa mama ameshika ile chupa ya mwenye gando moja, akauliza nani ameingia chumbani kwake.

"Umeibiwa?" mama akamuuliza kutoka kitandani.

"Hapana, mama. Karatasi tu ndizo hazipo."

"Karatasi tu?"

"Karatasi ndiyo kila kitu. Sasa hawa sijui wametoka wapi, sijui ameleta nani. Hawanifai tena." Akanitazama mie.

Mama aliliona lile jicho. Akajiinua kitandani, na hali ile, akashika tumbo, akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba mwanawe hajagusa kitu cha mtu, na kama amegusa basi hiki kilichomo tumboni kisimkalie.

Dada Koku alihama mwisho wa mwezi. Siku zile za mwisho walikuwa wanapishana uani na mama bila salamu, na Bibi alikuwa anamwaga maji pale anapopita. Mie nilimaliza miezi iliyobaki nikilala na mkono wangu juu ya tumbo la mama, nikiogopa kile kiapo. Mdogo wangu alizaliwa mzima, ana mapafu ya mpiga mnada. Kwa miaka kadhaa niliamini nilimwokoa.

Nilikuja kuujua ukweli kidato cha tano, maabara, siku mwalimu wa baiolojia alipotugawia vichupa. Andikeni kwa penseli, alisema, spiriti haifuti penseli. Karatasi iingie ndani, ya nje hubanduka. Andikeni mahali na jina la aliyekusanya, kwa sababu mdudu asiyejulikana alikotoka ni takataka. Niliomba ruhusa nikatoka nje, nikalia nyuma ya choo. Na huko ndiko nilikoelewa jambo la pili. Ufunguo nilikuwa nao mie peke yangu. Dada Koku alijua ni mie tangu dakika ya kwanza. Alichokuwa anashuku ni nani aliyenituma, na alipomsikia mama akiapa vile, akajijibu kwamba ni mama.

Nilimwambia mama mwezi uliopita, tunamenya vitunguu uani kwake. Mama hajui kusoma. Jina lake lipo kwenye kadi ya kliniki na kadi ya kura, basi. Yule Mhaya ndiye mtu pekee aliyeona kwamba kusimama kwenye maji ya magotini tangu alfajiri, na tumbo, ukiinama na ndoo, ni kazi inayostahili kuandikwa jina la mwenyewe. Na mie niliyempenda mama kuliko wote ndiye niliyelichoma.

Mama alimaliza kumenya kitunguu alichoshika. "Kwa hiyo niliapa uongo," akasema. Nikamjibu ndiyo, mama, kwa ajili yangu.

"Lilikuwa limeandikwa vizuri?"

"Vizuri sana."

Akafuta macho kwa ncha ya kanga. Ni vitunguu, alisema.

"Si ungenionyesha kwanza, Zuhura. Hata kama sisomi."